Kanula Isiyo na Kazi: shajara ya mradi wa wodi tatu

3 Februari 2025

Kamati ya kuzuia maambukizi imepitisha mradi. Tunaanza na wodi tatu: ya wanaume, ya wazazi waliofanyiwa upasuaji, na ya watoto wachanga. Kwenye andiko lengo ni kupunguza maambukizi ya damu yanayoingilia kwenye kanula, ule mrija mwembamba unaoachwa ndani ya mshipa ili kupitishia dawa na maji. Muda ni hadi Agosti. Fedha hakuna, ila mganga mfawidhi ameahidi kwamba tukihitaji saini yake tutaipata siku hiyo hiyo. Nimewaambia wenzangu tuishike ahadi hiyo kwa mikono miwili. Hela ingeisha kwenye chai na posho za semina.

Kwa nini kanula? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kanula za mishipa midogo Mei 2024, na makadirio yake ni kwamba hadi asilimia 70 ya wanaolazwa huwekewa kanula wakati fulani. Kwetu, ukipita wodi ya wanaume asubuhi, utadhani ni wote. Mtu akija na homa, majibu ya malaria hayajatoka ameshafunguliwa mshipa.

Nilisomea kamati takwimu za huku huku kwetu, maana za Ulaya huwa zinajibiwa "kule ni kule". Muhimbili, miaka ya 2001 na 2002, watoto waliolazwa wakiwa na bakteria wa Gramu hasi (kundi la akina Klebsiella) kwenye damu walifariki asilimia 43.5, wakati wenye malaria walifariki asilimia 20.2. Kilifi, Kenya, kati ya 2002 na 2009, watoto waliopata maambukizi ya damu wakiwa tayari wodini walifariki asilimia 53. Waliokuja nayo kutoka nyumbani walifariki asilimia 24.

Daktari mmoja akauliza kama hao wa Kilifi wote waliambukizwa kwa kanula. Hapana. Utafiti ule ulihesabu maambukizi ya hospitalini kwa jumla. Nilimjibu hivyo, naye akasema basi sawa, ila tusije tukaahidi kuokoa watu ambao kanula haikuwaua. Hoja yake ni nzuri na nimeiandika ukutani ofisini.

6 Februari

Kikao cha vipimo kimetuchukua asubuhi nzima. Wenzetu wenye uwezo huhesabu maambukizi kwa kila siku 1,000 za katheta, yaani siku ambazo mrija umekaa ndani ya mishipa ya wagonjwa. Ili uhesabu hivyo lazima uoteshe damu ya kila mgonjwa mwenye homa isiyoeleweka, yaani uiweke kwenye chupa maalumu uone kama bakteria wataota, na kwetu chupa za kuotesha hupatikana kwa msimu, kama maembe. Hata zikiwepo, mtaalamu wa maabara analalamika kuwa mtu mzima anayetakiwa kutolewa mililita 8 hadi 10 kwa chupa anatolewa mbili, tena baada ya kuanza dawa. Chupa ikirudi "hakuna kilichoota" daktari anatulia, na mgonjwa anaendelea kutetemeka.

Kwa hiyo hatutahesabu maambukizi. Tungehesabu hivyo tungepata sifuri nzuri sana ya uongo. Tutaangalia kile ambacho macho yanaona: kanula ina tarehe? Imetumika ndani ya saa 24? Kizibo kipo? Plasta ni kavu na imeshika? Mahali ilipochomwa pakoje? Kwa swali la mwisho tunatumia alama za 0 hadi 5 zilizotungwa Uingereza na muuguzi Andrew Jackson mwaka 1998, sifuri ikiwa ngozi safi na tano ikiwa mshipa umekuwa mgumu kama kamba na mgonjwa ana homa. Kila aliye na mbili kwenda juu, kanula inatolewa hapo hapo bila kusubiri raundi.

11 Februari

Tumepita wodi zote tatu kuchukua hali ya mwanzo. Wodi ya wanaume, karibu theluthi ya kanula hazikuwa zimepitisha kitu chochote tangu jana yake. Zenye tarehe zilikuwa chache kuliko zisizo nayo.

Karibu na dirisha kuna mzee amelazwa kwa nimonia. Anakula, anatembea hadi msalani mwenyewe. Kanula ya kijani mgongoni mwa mkono wa kushoto, plasta imekuwa nyeusi pembeni, mshipa umevimba kidogo kuelekea kifundo.

"Shikamoo mzee. Hii sindano inatumika?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo? Waliniambia nisiiguse."

"Nani alikwambia?"

"Wale wa juzi."

Faili linaonyesha alishahamishiwa vidonge. Muuguzi wa zamu anasema hakuna aliyemwagiza kuitoa. Daktari wa intani anasema kutoa kanula ni kazi ya uuguzi, hakudhani inahitaji maagizo. Wote wawili wanasema kweli. Nimewauliza swali hilo hilo wauguzi na madaktari wa wodi zote tatu, na majibu ni hayo hayo: kuweka kuna mwenyewe, kutoa hakuna mwenyewe.

14 Februari

Mafunzo ya kuweka kanula, siku ya kwanza. Nilikataa projekta. Tumesimama kwenye toroli na kila mtu ameweka kanula kwenye mkono wa plastiki huku wengine wakiangalia mikono yake tu.

Tulichokiona kinastahili kuandikwa kwa kirefu, kwa sababu ni mambo ambayo hakuna anayeyafanya kwa ubaya.

Kwanza plasta. Kila muuguzi mzoefu hukata vipande vitatu vinne kabla hajachoma, na anavibandika mahali pa karibu: ukingo wa toroli, chuma cha kitanda, wengine kwenye gauni lao la kazi kifuani. Kisha kipande hicho hicho kinakwenda juu ya tundu lililo wazi kuelekea kwenye damu. Chuma cha kitanda kimeshikwa na ndugu, na mgonjwa aliyeruhusiwa jana, na mfagiaji mwenye tambara. Tumekubaliana vipande vitabandikwa ndani ya karatasi ya kanula yenyewe, upande wa ndani ambao ni safi. Haigharimu kitu.

Pili, mpira wa kufungia mkono. Kwetu ni glovu iliyokatwa. Inatoka kitanda hadi kitanda ikiwa mfukoni mwa gauni. Mfamasia ameuliza kama tunaweza kukata mpya kwa kila mgonjwa. Tunaweza: glovu moja safi isiyo ya upasuaji inatoa mipira kadhaa, na inatupwa ikishatumika.

Tatu, kibakuli cha pamba zilizolowekwa spiriti. Hiki kiko kila wodi, kimeshonewa na kitambaa cha kufunika, na wakubwa wetu ndio waliotufundisha kukitunza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa sindano salama wa 2010 unakikataza waziwazi, kwa kuwa kila anayechovya vidole anaacha vijidudu vyake humo, na spiriti yenyewe inaendelea kupungua nguvu kwa kuruka hewani. Pamba iwe kavu, imiminiwe spiriti wakati wa kutumia, isuguliwe kwenye ngozi sekunde 30, kisha iachwe ikauke. Spiriti huua wakati inakauka. Sista mmoja mwenye miaka mingi kazini alinyoosha mkono: "Mgonjwa anatetemeka, mama yake analia, na wewe unataka nisimame nihesabu thelathini?" Nikamwambia ahesabu kwa sauti, na mama ataona kuna kitu kinafanyika. Alicheka. Leo mchana nimemsikia akihesabu.

Nne, kidole. Ukishasafisha, unaupapasa mshipa tena uone kama bado upo. Sote tunafanya. Dawa yake ni kuupapasa vizuri kabla, kuweka alama kwa macho, na kutorudi.

Rangi za kanula, ambazo huonyesha unene wake, tumezigusa kidogo tu. Tabia ya kumwekea kila mtu mzima kijani inatokana na mazoea ya dharura. Anayechomwa antibiotiki ya seftriaksoni mara moja kwa siku anatoshwa na pinki, au hata bluu, na mshipa hauumii sana ukiwekewa nyembamba.

26 Februari

Wodi ya watoto wachanga. Hapa nilikuja kuangalia kanula za njano na nikaishia kuangalia chupa.

Juu ya meza ya dawa ilikuwa chupa moja ya dextrose (maji ya sukari) ya asilimia 10, ya mililita 500, imefunguliwa alfajiri. Sindano imeachwa imechomwa kwenye mpira wa mdomo wake, iko wazi juu. Kila mtoto anayehitaji maji, muuguzi anachukua bomba, anavuta kupitia sindano hiyo, anakwenda. Pembeni yake chupa nyingine ya maji ya chumvi kwa ajili ya kusafishia kanula, nayo ina sindano yake. Watoto njiti walikuwa wamelazwa wawili wawili. Joto chumbani linazidi nyuzi 30 kwa makusudi, kwa ajili yao.

Hii si habari mpya duniani. Kati ya Julai 1970 na Aprili 1971 hospitali 25 za Marekani ziliripoti wagonjwa 378 walioambukizwa damu na bakteria waliokuwa ndani ya chupa za dripu, na chanzo kilikuwa vifuniko vya chupa kutoka kiwandani. Baada ya hapo wataalamu walijaribu maabara ni bakteria gani wanaostawi kwenye maji hayo. Ndani ya dextrose asilimia 5, kwenye joto la kawaida la chumba, wengi hudhoofika. Klebsiella, Enterobacter na Serratia huzaliana. Na wanaweza kufika milioni moja katika kila mililita na maji yakabaki maangavu, usione tofauti yoyote ukiinua chupa kwenye mwanga.

Sasa fikiria Klebsiella ndiye anayetajwa na maabara kila tukibahatika kupata chupa za kuotesha kwa wodi hii. Nilipowaambia wauguzi hivyo, kukawa kimya, halafu mfawidhi akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa tufanyeje, na chupa tunazopewa ni hizi hizi?"

Tulikaa na mfamasia. Mtoto wa kilo moja na nusu hahitaji nusu lita, na kumfungulia chupa yake peke yake halafu kumwaga iliyobaki kunauma. Lakini mfamasia akafungua kitabu chake, akatuonyesha bei ya meropenemu, antibiotiki ya maambukizi sugu, na mjadala wa kumwaga maji ukaishia hapo. Uamuzi: chupa moja kwa mtoto mmoja, jina lake na saa viandikwe juu yake, ikifika saa 24 inamwagwa hata kama imejaa. Kusafishia kanula ni ampuli za mililita 10, zinavunjwa na kutumika kwa mtoto mmoja. Sindano haibaki kwenye mpira wa chupa yoyote. Maombi ya chupa ndogo yamekwenda bohari.

Mfawidhi amezitupa zile sindano mbili kwenye kisanduku cha usalama mwenyewe, mbele ya zamu yote, bila hotuba.

5 Machi

Dawa ya mikono imetengenezwa hapa hapa. Kwa lita 10: etanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, halafu maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi kujaza. Inakaa saa 72 kabla ya kutumika, ili vijimbegu vya bakteria vilivyokuwemo kwenye vifaa vife. Wodi zilikuwa zinaigombania saa ya kwanza na mfamasia akawa anafukuza watu mlangoni. Vichupa vya mfukoni havitoshi. Tumeanza na zamu ya usiku, ambayo ndiyo bomba la maji hukauka.

14 Machi

Tumeanza kuuliza swali jipya kwenye fomu: kanula hii ipo kwa ajili ya dawa gani?

Wodi ya wanaume na ya wazazi, jibu linalojirudia ni antibiotiki ya metronidazoli ya dripu. Kichupa cha mililita 100, kila baada ya saa nane, kwa mama aliyefanyiwa upasuaji na ambaye nimemkuta anamalizia uji na chapati. Metronidazoli ya kidonge inafyonzwa na utumbo karibu yote. Kwa mtu anayekula na asiyetapika, kidonge na dripu vinafika kwenye damu kwa kiasi kinachokaribiana sana. Kwa hiyo kanula imekaa mkononi siku nzima na usiku mzima, inafunguliwa mara tatu, kila mara ni mlango wa vijidudu, kwa sababu ya dawa ambayo ingemezwa na maji ya kunywa.

Sababu za kuendelea na dripu si za kitabibu tu. Mgonjwa anaamini sindano. Ndugu akija akakuta hakuna kitu kinachoning'inia anauliza kama mgonjwa wake ametelekezwa. Na fomu ya dawa inanakiliwa tu kutoka jana.

Na sasa ni Ramadhani. Baba mmoja aliyekuwa anaendelea vizuri alikataa kubadilishiwa vidonge kwa sababu kidonge kinamfunguza na sindano, kwa alivyoelewa, haimfunguzi. Daktari alimkumbusha kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula. Hakutaka. Shemeji yake, ambaye ni mwalimu wa madrasa, ndiye aliyekuja jioni wakazungumza pembeni. Alikubali vidonge vya mara mbili kwa siku, wakati wa futari na wakati wa daku, na kanula ikatoka. Mwalimu yule namhesabu kama mjumbe wa timu.

2 Aprili

Kikao kikubwa zaidi cha mradi hadi sasa. Nilikwenda nacho kisa cha Michigan, jimbo la Marekani.

Mwaka 2003 daktari Peter Pronovost wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walianza kazi na vyumba vya wagonjwa mahututi vya jimbo hilo. Kule shida yao ni katheta za mishipa mikubwa. Mambo yalikuwa matano, hakuna hata moja jipya: nawa mikono, jifunike mwili mzima na umfunike mgonjwa, safisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), epuka mshipa wa kwenye kinena, na toa katheta isiyo na kazi. Vyumba 103 vilitoa takwimu. Wastani ulishuka kutoka maambukizi 7.7 kwa kila siku 1,000 za katheta hadi 1.4 baada ya miezi 16 hadi 18. Matokeo yalichapishwa Desemba 2006, na dunia nzima ikaanza kutengeneza orodha za kuweka alama ya vema.

Wengi walichukua karatasi wakaacha kilichoifanya ifanye kazi. Kule muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua, na wakubwa wa hospitali wakasema hadharani kwamba watakuwa upande wa muuguzi. Pia kila siku waliulizana kwenye raundi kama katheta bado inahitajika. Nimeona orodha kama hizo zimebandikwa kwenye kuta za hospitali kadhaa, zimepauka kwa jua, na hakuna anayeweza kumwambia daktari bingwa asimame.

Basi tukaitumia ahadi ya Februari. Waraka wa mganga mfawidhi una mambo mawili. Moja: muuguzi yeyote aliyesajiliwa anaruhusiwa kutoa kanula ambayo haijatumika kwa saa 24, au yenye alama mbili na zaidi, bila kuagizwa, na anaandika kwenye faili. Mbili: daktari anayetaka kanula ibaki anaandika kila siku sababu yake. "Ibaki" peke yake haikubaliki. Kisipoandikwa kitu, inatoka.

Kulikuwa na upinzani. Daktari mmoja alisema tunampa muuguzi kazi ya daktari. Matroni, ambaye hupenda kusikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole kwamba kuichoma ngozi ya mgonjwa usiku wa manane hakukuwahi kuitwa kazi ya daktari, iweje kuichomoa. Waraka ukasainiwa saa tisa alasiri.

17 Aprili

Mvua za masika zimejaza wodi ya watoto wa malaria na tumeazima wauguzi wawili kutoka kwetu kwenda kule. Ndani ya wiki hii hii limetokea jambo lililotikisa mradi.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kanula imetolewa mchana kwa mujibu wa waraka, usiku akaanza kutoka damu nyingi. Kumpata mshipa kulichukua muda ambao kila aliyekuwepo aliuhisi. Alipatikana, akapewa oksitosini ya kukaza mji wa mimba na maji, amepona na yuko na mtoto wake. Asubuhi, daktari wa zamu alikuja ofisini kwangu akiwa bado na nguo za zamu ya usiku. "Sista, waraka wenu ungetuulia mtu."

Nimelisoma faili mara kadhaa. Waraka ulifuatwa, na waraka ulikuwa na pengo. Kanula ya tahadhari ni sababu halali. Tulichokuwa tunapambana nacho ni tahadhari isiyo na mwisho. Tumeongeza ukurasa: mzazi ndani ya saa 24 za kwanza baada ya upasuaji au kutoka damu, mwenye kifafa cha mimba au dalili zake, anayetapika damu, mwenye degedege. Hao kanula inabaki hata kama haitumiki, lakini daktari anaandika neno "tahadhari" na saa ya kwisha. Saa ikipita bila kuandikwa upya, inatoka. Daktari yule ndiye aliyeandika rasimu ya ukurasa huo, na ameiandika vizuri kuliko ambavyo ningeiandika mimi.

5 Mei

Siku ya usafi wa mikono duniani. Ujumbe wa mwaka huu unahusu glovu, kwamba hazichukui nafasi ya kunawa. Umetukuta pazuri. Nimemwona kijana wa mafunzo akipita vitanda vitatu na glovu zile zile, akiamini anajikinga. Alikuwa anajikinga yeye.

Kalamu za kuandikia tarehe zinapotea. Zimefungwa kwa kamba ya bandeji kwenye toroli.

28 Mei

Swali limerudi: tubadilishe kanula kila baada ya saa 72 hadi 96, au tuiache hadi ilete dalili?

Utafiti mkubwa wa Australia wa 2012, wagonjwa 3,283, ulilinganisha njia mbili hizo. Kuvimba mshipa kulikuwa asilimia 7 kila upande. Hospitali nyingi duniani zikaacha ratiba, na mgonjwa akapunguziwa kuchomwa bure. Lakini hospitali za chuo kikuu za Geneva zilipoacha ratiba mwaka 2018, maambukizi ya damu yaliongezeka, na walipoirudisha mwaka 2019 yakashuka.

Msimamo wangu, nao haukupita bila ubishi: "hadi ilete dalili" inamtaka mtu wa kuziona dalili. Kwetu usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima. Mahali ambapo jicho linapita kila zamu, ratiba haina maana. Mahali ambapo halipiti, ratiba ndiyo jicho. Tumeacha saa 96 kama ukomo kwa watu wazima. Kwa watoto wachanga hapana, mishipa yao ni ya thamani mno kubadilisha kwa kalenda. Kule tunaangalia kila tunapolisha.

Chumba cha kusafisha damu kwa wenye figo kimeomba kuingia kwenye mradi. Wengi wao wana katheta za muda kwenye shingo au kinena, wakisubiri kufanyiwa upasuaji wa kuunganisha mishipa mkononi. Hapo yale matano ya Michigan yanaingia yote, klorheksidini ya asilimia 2 kwenye spiriti ikiwemo, ambayo hatuna. Nimewaambia Septemba. Nikiwakubali sasa tutaharibu wodi nne badala ya kutengeneza tatu.

1 Julai

Tumepita tena na fomu ile ile ya Februari, tukiongozwa na wauguzi wa wodi nyingine ili tusijipendelee.

Wanaume: kanula zisizo na kazi sasa ni moja moja, na karibu zote zina neno "tahadhari" na saa yake. Tarehe zipo kwenye nyingi. Vizibo bado ni tatizo, nimekuta kimoja juu ya mto wa mgonjwa na kingine kimebadilishwa na kifuniko cha sindano. Wazazi: metronidazoli ya dripu imeshuka sana baada ya siku ya kwanza. Mfamasia amefurahi kuliko wote, maana vichupa vinabaki rafuni.

Watoto wachanga: hakuna chupa yenye sindano iliyoachwa. Wauguzi wanasema vifo vimepungua na wananitaka niandike hivyo kwenye ripoti. Sikuandika. Mwezi Mei tuliongezewa pia mashine za kusaidia kupumua, na kina mama wameanza kubeba watoto kifuani muda mrefu zaidi. Siwezi kuzitenganisha hizo sababu kwa daftari. Nilichoandika ni kwamba chupa zina majina, na kwamba maabara imepewa mgawo wa chupa za kuotesha kwa wodi hii hadi Desemba, na damu itatolewa kabla ya dawa kuanza.

Kilichokwama: ampuli za mililita 10. Zilipokwisha wiki ya pili ya Juni, wodi mbili zilirudi kwenye chupa ya pamoja siku hiyo hiyo, bila mtu kuagiza. Mazoea hayakuwa yamekwenda mbali. Tumeweka akiba ya wiki mbili kwenye kabati la matroni, funguo anazo yeye na mfawidhi wa zamu.

Maombi ya robo ijayo yamepelekwa leo, pamoja na chupa ndogo za dextrose na klorheksidini ya chumba cha figo. Mfamasia amesema nifuatilie tarehe 15.